Barghash bin Said: Sultani aliyeokolewa na shela

MWEZI Januari mwaka 1875, manowari mbili za Uingereza, Rifleman na Nassau, ziliielekezea mizinga Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Ndani ya kuta hizo za matumbawe, ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, alikuwa amejifungia akida wa ngome, Muhammad bin Abdallah al-Bakhashweni, aliyekuwa amekataa kumtii bwana wake aliyeko Unguja. Makombora yalipomzidi, akida alisalimu amri. Ngome ikarejea mikononi mwa Sultani, Seyyid Barghash bin Said.

Barghash anakumbukwa kwa mengi. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, aliyevuta maji safi hadi Mji Mkongwe wa Unguja, na aliyetia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Ndiye pia anayetajwa kila inaposimuliwa asili ya taarab. Lakini lipo tukio la ujana wake lisilotajwa sana. Takriban miaka 15 kabla ya ngome ya Mombasa kurejeshwa kwake kwa nguvu ya mizinga, mtawala huyo alijinusuru kwa kuvaa mavazi ya kike na kupita mbele ya macho ya askari waliowekwa kumzuia.

Tukio hilo linagusa swali linalozua mabishano hadi leo, pwani na bara. Je, nguo humweleza aliyeivaa? Mwanamume anayevaa kike jukwaani ili watu wafurahi, anayevaa kike ili aokoe maisha yake, na mtu ambaye tangu utotoni anajitambua kuwa wa jinsia nyingine kuliko ile aliyoandikiwa alipozaliwa, je, hao ni wamoja? Wengi huwatia wote kapu moja na kuwahukumu kwa pamoja. Maisha ya Barghash yanaonyesha kwamba hukumu hiyo ina kasoro.

Mwana wa Seyyid Said

Barghash alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, mwaka ambao baba yake, Seyyid Said bin Sultan, aliwashinda Mazrui na kuitwaa Mombasa baada ya miaka mingi ya vita. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Watoto wa Seyyid Said walikuwa wengi, kila mmoja na mama yake, na kila mama na nasaba yake. Kulikuwa na waliozaliwa na Wahabeshi na waliozaliwa na wanawake wa Kicherkasi kutoka milima ya Kaukazi. Katika nyumba kama hiyo udugu ulikuwa na matabaka, na wivu haukukosekana.

Nyumba hiyo pia iliongozwa na mpaka mwingine, mpaka kati ya wanaume na wanawake. Mwanamume wa ukoo wa kifalme alijulikana kwa kanzu, joho, kilemba na jambia kiunoni. Mwanamke wa ukoo huo hakutoka nje mchana ila kwa udhuru mkubwa. Alipotoka usiku alifunikwa shela nyeusi ya hariri, na usoni alivaa barakoa, kifuniko kilichowatambulisha wanawake wa tabaka la juu. Watumishi walimtangulia na wengine wakamfuata, na wanaume waliokuwa njiani walipaswa kumpisha. Kwa mwanamume wa kando, kumsemesha mwanamke huyo au kumkazia macho kulikuwa kosa kubwa la adabu.

Seyyid Said alifariki dunia baharini mwezi Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Maskati kurudi Unguja. Barghash alikuwa katika msafara huo. Alipofika nchi kavu alijaribu kuyatwaa madaraka kabla ya nduguye mkubwa, Majid, kujiandaa, lakini jaribio hilo halikufua dafu. Majid akatawala Unguja na mwambao wake, Mombasa ikiwemo, naye Thuwaini akabaki na Omani. Barghash hakuridhika.

Njama ya ndugu

Kufikia mwaka 1859, Barghash, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 22, alikuwa amekusanya wafuasi wa kumpindua Majid. Nguvu zake kubwa zilitoka kwa ukoo wa al-Harthi, Waarabu waliokuwa na mizizi ya miaka mingi Unguja na waliokuwa na manung'uniko yao dhidi ya ufalme. Ndani ya familia aliungwa mkono na dada zake Meje, Khole na Salme, na mdogo wao Abdulaziz ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 15.

Salme ndiye aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko wote hao. Alizaliwa mwaka 1844, mama yake akiwa Mcherkasi. Utotoni alilelewa kwa muda katika nyumba ya Majid, na huko alijifunza mambo ambayo kwa kawaida yalikuwa ya wavulana, kama vile kutumia upanga, jambia na mkuki, na kulenga shabaha kwa bunduki na bastola. Kisha akajifundisha kuandika kwa siri, kwani wasichana walifundishwa kusoma Kurani pasipo kushika kalamu. Ujuzi huo ulimfanya, akiwa msichana wa miaka 15, awe katibu wa njama. Barua za waasi zilipita mikononi mwake.

Majid aligundua yaliyokuwa yakipangwa. Akatuma askari wa Kibulushi kuizingira nyumba ya Barghash. Wabulushi walikuwa nguzo ya jeshi la masultani wa Unguja. Ndio hao hao waliowekwa kulinda Ngome ya Yesu baada ya 1837, na vizazi vyao vingali Mombasa hadi leo. Barghash akawa mfungwa nyumbani kwake. Wafuasi wake walikuwa wakimngojea shambani Marseille, mbali na mji, ambako silaha na chakula vilikwisha kuwekwa akiba. Shamba hilo lilikuwa la mabinti wa marehemu Khalid, kaka yao, aliyelipa jina la Kifaransa kwa kuipenda Ufaransa. Kilichokosekana ni kiongozi.

Usiku wa shela

Yaliyotokea usiku huo yanajulikana kupitia kumbukumbu ambazo Salme alizichapisha mjini Berlin mwaka 1886, baada ya miaka mingi ya kuishi Ujerumani.

Khole na Salme walitoka na msafara mkubwa wa wanawake, wakielekea nyumba ya Barghash kana kwamba wanakwenda kuwajulia hali jamaa zao. Mlangoni askari waliwazuia. Hapo mabinti hao wawili wakafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Walimwendea mkuu wa askari wenyewe na kumsemesha ana kwa ana. Mtu huyo, ambaye maishani mwake hakuwahi kusemeshwa na binti wa Sultani, alipigwa na bumbuazi. Akaona haya, akawaruhusu waingie kwa muda mfupi.

Ndani, kikwazo kilikuwa Barghash mwenyewe. Alikuwa tayari kupigana na kaka yake, tayari hata kufa, lakini kuvaa nguo za kike kulimkata maini. Heshima yake haikumruhusu. Dada zake walimsihi, na wakati ulikuwa unayoyoma. Hatimaye alikubali. Akajifunga silaha zake zote, kisha akafunikwa shela hata yakabaki macho tu. Ili urefu wake usimfichue, aliwekwa katikati ya wanawake warefu kuliko wengine, na msafara ukatoka kwa mwendo wa taratibu, kama wanawake watokao matembezini.

Askari waliwapisha kwa heshima. Hakuna aliyethubutu kuinua shela ya binti wa Sultani. Walipoufikia ukingo wa mji, mwendo ukabadilika ukawa wa haraka gizani, hadi mahali ambapo wafuasi walikuwa wakingoja. Barghash akaagana na dada zake kwa pupa akashika njia ya Marseille. Wanawake wakarejea mjini usiku uo huo wakiwa hoi, huku wakihofia kwamba siri ingefichuka kabla hawajafika majumbani mwao.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Usiku huo iliyoazimwa ilisitiri mwili mzima, pamoja na jambia na bastola.

Hata hivyo ushindi haukupatikana. Majeshi ya Majid, yakisaidiwa na wanamaji wa Uingereza wa manowari Assaye na kuungwa mkono na balozi mdogo Rigby, yaliwashinda waasi. Barghash alirudi mjini kisirisiri, akajifungia nyumbani, na nyumba ikapigwa hadi akasalimu amri. Alipelekwa uhamishoni Bombay pamoja na Abdulaziz, akakaa huko kwa takriban miaka miwili.

Vazi na nafsi

Hakuna mwanahistoria aliyewahi kusema kwamba Barghash, kwa kuvaa shela usiku huo, alikuwa mwanamke au alitaka kuwa mwanamke. Wala maadui zake waliomshinda hawakupata kudai hivyo. Alilivaa vazi hilo kwa dharura, akalivua dharura ilipokwisha. Lilikuwa chombo, kama ngazi au mashua. Ndiyo sababu kisa chake kinafaa kuwekwa kando ya visa vingine viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa na hiki.

Kisa cha pili ni cha jukwaa. Katika London ya Shakespeare, sehemu za wanawake ziliigizwa na wavulana, na wanawake hawakupanda jukwaa kwa kawaida hadi baada ya 1660. Nchini Japani wanawake walipigwa marufuku katika maigizo ya kabuki mwaka 1629, na tangu hapo wanaume waliobobea wamekuwa wakiigiza wanawake kwa ustadi unaorithishwa kutoka kizazi hadi kizazi. Humu nchini, katika tamasha za kitaifa za drama, shule za wavulana huleta akina mama, mabibi arusi na nyanya ambao wote ni wavulana, na waamuzi huwatuza kwa umahiri wao. Mwigizaji wa namna hii hakusudii kumdanganya mtu. Mtazamaji anajua aliye ndani ya gauni, na utamu wote unatokana na kujua huko. Barghash alikuwa kinyume chake, kwa kuwa kama mtazamaji mmoja tu angejua, maisha yake yangekuwa hatarini.

Kisa cha tatu ni cha mtu asiyeigiza wala kujificha. Chevalier d'Éon, mwanadiplomasia na mpelelezi wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1728, aliishi karibu nusu karne kama mwanamume, kisha tangu 1777 akaishi na kutambuliwa rasmi kama mwanamke kwa miaka 33, hadi alipofariki London mwaka 1810. Katika miaka hiyo ya pili alicheza mchezo wa vitara mbele ya watu kwa malipo, akiwa na gauni lake. Jukwaani alikuwa mchezaji, na aliporudi nyumbani gauni halikuvuliwa. Mchezo wake ulikuwa upanga. Gauni lilikuwa maisha yake.

Tofauti hiyo haikuanzia Ulaya. Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vimesomwa kwa karne nyingi katika madrasa za Kishafii za mwambao huu, aliigusia alipofafanua hadithi zilizokusanywa na Muslim. Alitenga aina mbili za wanaume wenye mwenendo wa kike. Wa kwanza ni yule aliyeumbwa hivyo bila kujilazimisha, naye kwa hilo pekee hana lawama wala dhambi. Wa pili ni yule anayejitia mwenendo huo kwa makusudi, na ndiye anayelaumiwa. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na hukumu ya Imam, lakini alichokitambua ni wazi. Kuwa ni jambo moja, na kujifanya ni jambo jingine.

Omani, asili ya ukoo wa Barghash, imetoa mfano mwingine. Mwanaanthropolojia Unni Wikan wa Norway alifanya utafiti katika mji wa Sohar miaka ya 1970, na mwaka 1977 akachapisha makala kuhusu watu waitwao khanith, neno lililoingia katika Kiswahili kama hanithi na kugeuka tusi. Walizaliwa wanaume, lakini walikaa na wanawake, waliwaona wanawake bila shela, na katika shughuli nyingi walihesabiwa upande huo. Ajabu ni kwamba hawakuruhusiwa kuvaa nguo za kike. Walivaa kanzu za kiume zenye rangi, zilizobana kiuno. Mwaka uliofuata mtafiti mwingine, Gill Shepherd, aliyekuwa amefanya kazi yake Mombasa, alimpinga Wikan akisema kwamba watu wa namna hiyo, hata wakikaa na wanawake, bado jamii iliwahesabu kuwa wanaume.

Mabishano hayo ya wasomi hayakuisha, lakini ukiyaweka kando ya kisa cha mwaka 1859, jambo moja linajitokeza. Sohar kulikuwa na watu waliohesabiwa pamoja na wanawake ilhali hawakuvaa nguo zao. Unguja kulikuwa na mwanamume aliyevaa nguo za kike kutoka utosini hadi nyayoni, na hakuna aliyewahi kumhesabu mwanamke. Nguo haikuamua lolote katika visa hivyo viwili.

Mtawala na ngome yake

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akapata kwa urithi kile alichokikosa kwa njama. Utawala wake ulianza kwa misukosuko. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliikumba Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Mwaka uliofuata Waingereza, kupitia ujumbe wa Bartle Frere na kisha balozi John Kirk, walimshinikiza kwa tishio la kuifunga bandari hadi alipotia saini mkataba wa Juni 5, 1873, uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao.

Ni katika hali hiyo uasi wa akida wa Mombasa ulipozuka. Ngome ya Yesu ilikuwa ufunguo wa mji. Aliyeishika alitazama mlango wa bandari na Mji wa Kale kwa pamoja. Wareno walikuwa wameilinda kwa mzingiro wa miezi 33, kuanzia Machi 1696 hadi Waomani walipoiteka Desemba 1698. Mazrui walikuwa wameitumia kuikaidi Unguja. Sasa akida mmoja alikuwa akifanya vivyo hivyo, na Sultani hakuwa na nguvu za kutosha kumtoa. Mizinga ya Rifleman na Nassau ilimpa ushindi, lakini pia iliufichulia mwambao wote kwamba enzi ya Barghash ilisimama kwa msaada wa wengine.

Kwa maana hiyo, mwaka 1859 na mwaka 1875 vinafanana. Mara ya kwanza meli ya Kiingereza ilimshinda, mara ya pili zikamshindia. Tofauti ni kwamba njia ya Marseille aliifungua bila mzinga wowote, kwa ujasiri wa wanawake waliojua vyema kanuni za jamii yao kiasi cha kuweza kuzitumia dhidi ya askari.

Barghash aliyatumia mapato yake kuupamba mji. Alileta wanamuziki kutoka Misri, na kwa mujibu wa simulizi iliyoenea alimpeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza kupiga ganuni. Kutokana na hapo taarab ilichipuka katika kasri, na baadaye ikawa muziki wa Unguja, Mombasa na Lamu. Beit al-Ajaib ilikamilika mwaka 1883.

Dada aliyekataliwa

Wakati Barghash akipanda, Salme alikuwa amekwisha kuondoka. Mwaka 1866, akiwa mjamzito kwa mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaolewa na kuitwa Emily. Shela ilivuliwa, likavaliwa gauni la Kizungu. Miaka michache baadaye mumewe alikufa kwa ajali mjini Hamburg, naye akabaki mjane na watoto watatu wadogo.

Mwaka 1875, miezi michache baada ya kisa cha Ngome ya Yesu, Barghash alizuru Uingereza na kupokewa na Malkia Victoria. Salme alisafiri hadi London akitarajia kuonana naye, lakini Frere alimshawishi aache shauri hilo kwa ahadi kuhusu watoto wake. Mwaka 1885 alifika Unguja kwenyewe, chini ya bendera ya Ujerumani, wakati manowari za nchi hiyo zilipokuja kumlazimisha Sultani akubali madai ya Wajerumani bara. Salme alitembea katika mitaa ya utotoni mwake akiwa amevaa kama mwanamke wa Ulaya. Barghash alikataa kuonana naye, na madai yake ya urithi hayakutimizwa.

Zilikuwapo sababu za kisiasa, na hazikuwa ndogo. Salme alikuja pamoja na mizinga ya watu waliokuwa wakimnyang'anya kaka yake nchi. Aidha, kwa mtawala wa Kiibadhi, kuritadi kwa ndugu lilikuwa jambo zito mno. Pamoja na hayo, kisa hiki kina uchungu wake. Mwanamume aliyeishi kwa kuwa dada yake alimvika vazi lisilo lake, hakuweza kumtazama dada huyo katika vazi alilolichagua. La kwanza lilikuwa la saa chache na lilimtumikia Barghash. La pili lilikuwa la kudumu na lilisema Salme amekuwa nani. Jamii nyingi hufanya vivyo hivyo. Husamehe vazi la dharura, hushangilia vazi la jukwaani, lakini humkataa mtu anaposema kwamba hivi ndivyo alivyo na hana kingine cha kuvaa.

Mwisho wa safari

Miaka ya mwisho ya Barghash ilikuwa ya kupoteza. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 ulimwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mei 1887 aliikabidhi kampuni ya Waingereza usimamizi wa sehemu ya ukanda huo, Mombasa ikiwemo. Mapema mwaka 1888, akiwa mgonjwa, alikwenda Omani kutafuta nafuu. Alirejea Unguja mwezi Machi na kufariki muda mfupi baada ya kufika. Salme aliishi hadi Februari 1924, akafia Jena nchini Ujerumani.

Ngome ya Yesu iliendelea kubadili matumizi. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Unesco. Wageni wanaopita langoni husimuliwa habari za Wareno, Mazrui na Waomani, na za mizinga ya Januari 1875.

Swali la nafsi na vazi nalo limefika katika taasisi za nchi. Mwaka 2014, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliagiza Baraza la Mitihani la Kenya kumpa cheti kipya cha mtihani mtu aliyebadili jina baada ya kujitambua kuwa mwanamke, na alama ya jinsia iondolewe katika cheti hicho. Kesi hiyo haikuhusu gauni wala shela. Ilihusu jina, na haki ya mtu kwenda kutafuta kazi na karatasi inayofanana naye. Hakuna mwigizaji wa jukwaani anayehitaji kwenda mahakamani kwa ajili ya jambo hilo, kwani pazia likishuka hurudi katika jina lake. Barghash naye hakulihitaji. Alipoufikia ukingo wa mji aliwarudishia wanawake shela yao, akaenda zake akiwa Barghash.

Asiyekuwa na pa kuivulia shela ndiye anayestahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Askari wa Majid walitazama nguo wakadhani wamemwona mtu, na kosa hilo liliwagharimu mfungwa wao. Anayewatazama wengine kwa macho ya askari hao huenda asipoteze mfungwa, lakini hupoteza nafasi ya kumjua jirani, ndugu au mtoto wake mwenyewe.